Walioingia Tumewahesabu, Waliomaliza Je?

Ndugu zetu wa Upare, mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Tulipokuwa tukiandaa kijitabu cha mwaka huu tulifungua daftari la elimu la umoja wetu, tukitaka kuandika historia fupi ya vijana wetu na chuo kikuu. Daftari limetunzwa vizuri. Lina safu ya jina la kijana, kijiji chake, chuo alichopangiwa, mwaka alioingia na kiasi tulichompa siku ya kumuaga. Tukatafuta safu ya sita, ya mwaka aliomaliza. Haipo. Waliotutangulia hawakuichora, na sisi tuliolipokea daftari hatukuichora.

Wenye kazi ya hesabu tunalijua kosa hilo. Duka linaloandika mali inayoingia bila kuandika inayotoka haliwezi kujua kama linapata au linapoteza. Kwa miaka mingi tumefurahia mali iliyoingia.

Mwaka jana mmoja wetu alishuka basi stendi ya Same akielekea msibani milimani. Kijana wa bodaboda akamsogelea: "Shikamoo, baba mdogo." Alikuwa ni kijana tuliyemuaga miaka minne nyuma. Tulimpigia makofi, tukampa begi na bahasha, mchungaji akamwombea. Alikuwa ameacha masomo mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha umma. Hakufeli mtihani. Alikwama kwenye salio la ada lisilofika laki nne. Alipoulizwa kwa nini hakutuambia, alijibu: "Baba mdogo, mlinipa hela mbele ya watu wote. Ningerudije kuomba tena?"

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike haya. Tunaomba mtuvumilie turudi nyuma kidogo, kwa sababu kijana huyu ana historia ndefu nyuma yake. Kila kizazi kilichokwenda chuo kikuu kilibebwa na mtu, na kila mbebaji alipobadilika, wanaoanguka njiani walibadilika pia.

Tulikotoka

Sisi Wapare tulianza shule mapema. Wamisionari wa Kisabato walifika kwetu mwaka 1903, Walutheri walikuwa milimani karibu na miaka hiyohiyo, na Waislamu wa Usangi na Ugweno hawakubaki nyuma katika kusomesha watoto. Lakini shule ya msingi ni jambo moja na chuo kikuu ni jingine. Wakati wa mkoloni Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mtanganyika aliyefaulu sana alivuka mpaka kwenda Makerere, Uganda. Mzee wetu Cleopa Msuya wa Usangi, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha na Waziri Mkuu, alipita huko miaka ya 1950.

Wazee wa zama hizo hawakuwa watu wa kukubali hesabu wasiyoielewa. Miaka ya 1940 maelfu yao waliacha mashamba wakaenda kupiga kambi Same kupinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Kodi ya kawaida hawakuikataa. Walichokataa ni makadirio ambayo hakuna aliyeweza kuwaeleza yamepatikanaje. Aliyeiandika habari hiyo ikasomwa duniani ni mwana wa Upare, Profesa Isaria Kimambo, aliyefundisha historia Mlimani kwa miaka mingi na kushika uongozi wa taaluma chuoni hapo. Tunamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, ni ushahidi kwamba njia ya kutoka milimani kwetu hadi Mlimani Dar es Salaam ipo na imepitwa. Pili, alitukumbusha kwamba kudai hesabu ni desturi yetu.

Serikali ilipobeba mzigo wote

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Katika miaka hiyo aliyechaguliwa alibebwa na serikali. Masomo, chakula, kitanda na nauli vilitoka kwenye kodi ya mkulima wa kahawa wa milimani na mkata mkonge wa tambarare. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere aliwaambia wasomi mara kwa mara kwamba wana deni kwa wananchi. Mlango ulikuwa mwembamba mno, lakini aliyepita hakurudi nyumbani kwa kukosa ada.

Walioondoka kabla ya wakati waliondoka kwa sababu nyingine. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, na wakati huohuo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Mwaka 1978 waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, na mamia wakafukuzwa. Mwaka 1990 chuo chenyewe kilifungwa kwa miezi kadhaa.

Katikati ya hayo likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974. Kijana akimaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo moja kwa moja. Alitakiwa kwanza kulitumikia jeshi, kisha afanye kazi angalau miaka miwili na apate pendekezo la mwajiri na la chama. Nia ilikuwa kumfanya msomi amjue mfanyakazi. Lakini idadi ya wasichana walioingia chuoni ilishuka, kwa kuwa wengi waliolewa au walifungwa na majukumu kabla zamu yao haijafika. Ikabidi wao waondolewe sharti hilo. Hilo ni somo la kwanza ambalo historia inatupa: sharti lililo sawa kwa wote kwenye karatasi laweza kumwangusha mmoja na kumwacha mwingine. Mwenye mzigo mwingine kichwani ndiye hujikwaa kwanza.

Mzigo ulipogawanywa

Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980 serikali haikuweza tena kubeba peke yake. Kuanzia mwaka 1992 ikaja sera ya kuchangia gharama. Ilianza na vitu vidogo kama nauli, fomu na michango ya serikali ya wanafunzi, kisha ikagusa chakula na malazi, hatimaye ada. Kwa mara ya kwanza swali la "nani analipa?" likaingia sebuleni kwa mzazi.

Sisi Upare hatukulikuta swali hilo tumelala. Miaka ya 1980 serikali iliporuhusu shule za sekondari za wananchi, wilaya za Mkoa wa Kilimanjaro zilikuwa mstari wa mbele kuzijenga. Baragumu lilipigwa, watu wakaitika msaragambo. Wanaume wakachimba msingi, mama zetu wakasomba mchanga na maji, walioko mijini wakatuma mabati na saruji. Kila anayesoma kijitabu hiki anaijua shule moja iliyojengwa hivyo. Na tokea mwaka 2004, mpango wa maendeleo ya sekondari ulipoanza, sekondari za kata nazo zikapanda kila mahali.

Matokeo yake ni kwamba mlango wa chuo ulipanuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mlimani palikuwa na wanafunzi kama elfu tatu tu. Baadaye wakawa maelfu kwa maelfu, na vyuo vya umma vikaongezeka: Sokoine mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, Mzumbe mwaka 2001, Dodoma mwaka 2007. Kijana wa Mamba, Vudee, Kihurio au Shigatini ambaye zamani angeishia kidato cha nne sasa anapangiwa chuo. Hilo ni jambo la kushukuru Mungu, na wala hatuandiki haya kulibeza.

Lakini lango lilipanuka haraka kuliko nyumba. Neno "kubebana" likaingia katika Kiswahili cha Mlimani, maana yake mwenye kitanda kumpokea mwenzake asiye na kitanda. Mabweni yenye nafasi 3,840 yaliyozinduliwa hapo Aprili 2017 yalipunguza shida hiyo, hayakuimaliza.

Mkopo na vifundo vyake

Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ikaanza kazi Julai 2005. Hapa ndipo wazazi wengi wa kwetu wanapojidanganya, tena kwa nia njema. Wanasikia "amepata mkopo" wanadhani kazi imekwisha.

Mkopo hugawanywa kwa vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Si kila mwanafunzi hupata kila kipengele, na si kila anayepata kipengele hukipata chote. Mmoja hupewa chakula na malazi akaachiwa ada yote au sehemu yake. Fedha ya chakula, ambayo wanafunzi huiita bumu, imepanda hadi shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2023/24. Kutoka hapo kijana anapanga chumba, anakula, anapanda daladala, anatoa nakala. Na wengi, tunaomba hili lisikike vizuri, humtumia mama yao nyumbani.

Sasa tazameni vifundo vinavyofungana. Asiyelipa sehemu ya ada inayotakiwa hasajiliwi. Asiyesajiliwa hawezi kusaini bumu. Asiyesaini bumu hana chakula wala nauli, na fedha ambayo labda ingelipa salio la ada ndiyo hiyo imezuiliwa. Majina ya mkopo nayo hutoka kwa awamu, na aliyekosa hukata rufaa akasubiri huku vipindi vinaendelea. Kijana anaweza kuwa na haki ya mamilioni na bado akashindwa kwa laki tatu, kwa sababu laki tatu zinahitajika Novemba na mamilioni yanakuja Januari.

Nchi imewahi kuiona shida hii kwa macho. Novemba 2008 vyuo vikuu kadhaa vya umma, Dar es Salaam kikiwamo, vilifungwa baada ya migomo iliyohusu viwango vya mikopo, na waliotaka kurudi walitakiwa kwanza kulipa sehemu yao ya gharama. Mwenye baba mwenye ng'ombe wa kuuza alirudi mapema.

Wapo pia wanaoondoka kwa mtihani. Vijana husema "kudisko": wastani wako haukufika kiwango, chuo kinakuondoa. Kabla ya hapo kuna "sapu", mtihani wa kurudia. Tumezoea kusema aliyedisko ni mvivu. Wapo wavivu, hatukatai. Lakini muulizeni aliyeanza vipindi akiwa amechelewa wiki sita kwa kusubiri rufaa, aliyekuwa akiuza chipsi usiku ili alipe chumba, aliyetoka sekondari ya kata isiyokuwa na mwalimu wa hesabu. Cheti cha matokeo huandika wastani wake. Wiki sita hakiziandiki.

Na anayeondoka haondoki mikono mitupu. Anaondoka na deni. Mkopo aliokwisha kula unadaiwa, amalize asimalize. Mwenye digrii akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 ameondolewa ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo. Asiyemaliza ana deni bila digrii ya kumsaidia kulilipa. Kwa lugha ya vitabu vya hesabu, ni gharama isiyozaa mali. Kwa lugha ya nyumbani, ni mtoto anayekwepa misiba na harusi ili asiulizwe.

Tofauti iliyopo kati ya jana na leo

Ukizipanga zama hizi kwa safu, jambo moja linaonekana wazi. Zamani waliondoka kwa kishindo. Walifukuzwa mia kwa pamoja, redio ikatangaza, wazazi wakajua, Mwalimu mwenyewe akahusika, na wengi wakarudishwa kwa sababu nchi nzima ilijua wako wapi. Leo wanaondoka mmoja mmoja, kimya. Hakuna tangazo. Chumba kinapata mpangaji mwingine. Na kwa kuwa hakuna aliyejua wameondoka, hakuna anayewarudisha.

Hapo ndipo umoja wetu unapohusika. Hatuwezi kubadilisha viwango vya mkopo wala kujenga mabweni. Lakini kujua kijana wetu yuko wapi Novemba hii, hilo tunaliweza, wala halihitaji kibali cha mtu.

Ndiva

Wazee wetu walikuwa na jibu la tatizo linalofanana na hili. Vijito vya milima yetu ni vidogo. Maji ukiyaacha yateremke yenyewe kwenye mfereji, yanaishia shamba la kwanza na la pili, na shamba la mbali linapata tope. Kwa hiyo walijenga ndiva. Usiku maji hukusanywa, asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji yaleyale machache, yakitoka kwa pamoja, yanafika mwisho wa mfereji kwa zamu. Ndiva haiongezi hata tone moja. Inachofanya ni kuyaweka maji mahali pamoja mpaka saa yanapohitajika. Na ndiva isiyoondolewa tope kila mwaka kwa msaragambo hujaa na kufa.

Sisi tumekuwa tukimwaga maji yote shamba la kwanza: bahasha ya siku ya kumuaga. Kamati imekubaliana, na mkutano mkuu utaombwa kupitisha, mambo matatu.

La kwanza, michango ya mwaka huu isigawanywe yote kwa wanaoingia. Nusu iwekwe katika mfuko wa kumalizia, kwa ajili ya wanafunzi walioko mwaka wa pili na kuendelea waliokwama kwenye usajili au salio la ada. Fedha ilipwe chuoni moja kwa moja kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, na risiti iwekwe kwenye jalada. Mkopo wake ukitoka, arudishe anachoweza ili mwenzake asaidiwe.

La pili, kila mji wenye vijana wetu uwe na mlezi mmoja, baba au mama, ambaye kazi yake ni kuwapigia simu mara mbili kila muhula: wiki ya usajili na wiki ya matokeo. Aulize maswali mawili tu: umesajiliwa? umekula? Yule kijana wa stendi ya Same hakukosa wenye laki nne. Ndugu wenye uwezo huo walijaa ukumbini siku tunamuaga. Alikosa mtu ambaye angeweza kumwambia bila aibu. Kwa hiyo anayesaidiwa hatatangazwa mkutanoni. Mtakaosomewa ni majina ya waliochangia, hesabu ya fedha na idadi ya waliosaidiwa. Mkaguzi ataona majalada.

La tatu halina gharama. Tumechora safu ya sita. Tumeanza kuwapigia simu wote walioandikwa katika daftari, mwaka kwa mwaka, na mkutano ujao mtasomewa safu zote mbili, walioingia na waliomaliza. Huenda tukaona aibu. Wazee waliokaa Same kwa ajili ya mbiru walidai hesabu kutoka kwa mkoloni. Sisi hatuwezi kushindwa kuidai kutoka kwetu wenyewe.

Kwa nyinyi mliosomeshwa na kodi ya mkulima kabla ya 1992: mlikula na kulala bila kuulizwa salio. Kwa nyinyi mnaokatwa mkopo kila mwezi: mnajua uchungu wake, na mnajua pia kwamba bila digrii makato hayo yasingekuwa na pa kutokea. Na kwa nyinyi ambao hamkufika chuo lakini mlibeba mchanga wa shule alizosomea huyu kijana: kazi yenu haijakamilika mpaka naye amalize.

Yule kijana tumezungumza naye. Ameandika barua chuoni kuomba kurejea mwaka ujao wa masomo. Salio lake ndilo litakuwa ingizo la kwanza katika mfuko wa kumalizia, na jina lake halitasomwa popote.

Baragumu limepigwa. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho, na mhazini atapokea hata shilingi elfu moja, kwa risiti. Karibuni msaragamboni.